Mwalimu wa Kemia na Vidudu vya Chuma

Darasani kwake kulikuwa na neno moja lililopigwa marufuku, na halikuwa tusi. Neno lenyewe lilikuwa "kidogo". Ukisema umeongeza asidi kidogo, alikusimamisha hapo hapo na mrija wako wa kioo mkononi, akakuuliza kidogo hicho ni matone mangapi. Ukisema maji yamepata moto kidogo, alikurudisha kwenye kipimajoto. Kwake hicho hakikuwa kipimo, kilikuwa uvivu wa kuhesabu. Sisi wanafunzi wa ile shule iliyo kati ya machimbo ya dhahabu ya Nyatike na soko la samaki la Sori tulimwona msumbufu tu. Bwaloni mtu akiomba chumvi kidogo, meza nzima ilimwuliza anataka chembe ngapi, tukacheka mpaka mwalimu wa zamu akaja kutunyamazisha.

Nilimwogopa na nilimpenda. Tangu kidato cha pili alinipa kazi ya kuosha vyombo vya maabara, akisema nina mikono isiyo na haraka, na hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kuipata kwake. Mikono hiyo ndiyo inayonilisha mpaka leo: ninafanya kazi ya maabara katika mradi mmoja wa utafiti upande wa Rongo. Sisi tulimwita Mwalimu wa Kemia. Kina mama wa machimboni walimwita Japuonj, yaani mwalimu, basi, kana kwamba shule nzima haikuwa na mwingine.

Alikuwa mtu wa kuudhi, niseme ukweli. Alikataa mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, popote alipowekewa, hata matangani, hata nyumbani kwa watu waliomchinjia kuku na kumwongezea samaki kwa heshima. Alisukuma sahani pembeni na kuanza somo: samaki mdogo anakula uchafu wa ziwa, mkubwa anakula wadogo mia, kwa hiyo mkubwa ndiye ghala la uchafu. Watu walimsikiliza huku chakula kikipoa. Wenye nyumba walisema ana maringo. Kanisani aliimba sauti ya chini kabisa, daima nyuma ya wenzake kwa nusu pumzi, na hakuna kiongozi wa kwaya aliyethubutu kumwondoa. Hakuweza kuendesha baiskeli. Alinawa mikono mara tatu kabla ya kula na mara tatu baada ya kula, na kucha alizikata kila asubuhi mpaka vidole vikawa vinatisha.

Mikono yenyewe ilitetemeka. Miaka yangu ya mwisho pale shuleni, alipoandika ubaoni chaki ilikuwa inagongagonga kama mtu anayebisha hodi. Alituambia ni mabaki ya malaria ya zamani. Tukaamini, kwa sababu kwetu kila kitu kilikuwa malaria.

Alikuwa na binti mmoja, aliyenizidi miaka michache. Hakuwahi kusema neno. Aliweza kukaa akiwa na miaka sita, akasimama akiwa na kumi, na mpaka utu uzima wake hakuweza kujilisha bila nusu ya chakula kuishia kifuani. Mkewe Mwalimu alifariki mapema, kwa hiyo binti alibaki mikononi mwa baba. Alimsuka nywele yeye mwenyewe, vibaya, mistari imepinda. Alimnunulia ngege mbichi, samaki mdogo kuliko mbuta, kutoka Sori, akaipika, halafu akaketi na sahani magotini kutoa miiba. Mikono ile ya kutetemeka ilitoa mwiba mmoja mmoja, akauweka ukingoni mwa sahani, akahesabu. Ngege moja ilichukua saa nzima. Tangu Mwalimu aondoke duniani, binti yuko kwangu na kazi hiyo ninaifanya mimi. Mikono yangu haitetemeki, na bado naona ni kazi.

Kisa cha mikono na cha binti ni kimoja. Sikukipata kwake kwanza, nilikipata kwa mama mmoja aliyekuwa jirani yake enzi hizo, mchujaji dhahabu wa siku nyingi. Alisema zamani walichuja kwa karai na maji tu, na unga mwembamba wa dhahabu ulikuwa ukiwaponyoka na kurudi mtoni. Kisha wachuuzi wakaja na zebaki kwenye vichupa vya dawa ya macho. Kina mama waliiogopa. Kitu kinachometa kama fedha halafu kinakimbia kama maji hakikuwafurahisha. Wakasema apelekewe mwenye elimu aseme.

Mwenye elimu, yaani Mwalimu wetu, alikuja na koti lake jeupe la maabara. Alikuwa kijana, ameoa juzi, na mkewe naye alikuwa akichuja dhahabu wakati wa likizo. Akadondosha tone moja kwenye karai la tope, akalizungusha, na tone likaanza kukusanya unga wa dhahabu kutoka kila pembe. "Alicheka kama mtoto," yule mama aliniambia. "Akatuambia, tazameni, inaokota yenyewe. Nyinyi kazi yenu ni kushika karai tu." Wakamwuliza kama ni sumu. Akasema ndiyo, mvuke wake ni sumu, ila hiyo wanayotumia ni kidogo.

Dhahabu ikishashikwa na zebaki inakuwa donge, na donge lazima lichomwe ili zebaki iondoke. Machimboni kwetu watu walilichoma nyumbani, kwenye jiko la kupikia, mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa gunia. Hawakufanya hivyo kwa ujinga. Jirani akiuona moshi mchana, wakati si wa kupika, anajua una dhahabu ndani, na kesho utakuwa na wageni usiowaalika. Kwa hiyo mvuke ulibaki humo ndani na waliokuwa humo. Mkewe Mwalimu alichoma hivyo hivyo kama wenzake, akiwa na mimba ya yule binti. Mwalimu alimwambia afungue dirisha. Mke akamwuliza, na watu je? Mwalimu akalitazama lile donge, dogo kuliko punje ya hindi, akaliacha dirisha lilivyo. Mara nyingine aliketi naye pale jikoni wakipiga hadithi, wakivuta mvuke ule ule.

Hospitalini Homa Bay walimwambia mtoto kuzaliwa hivyo kuna sababu nyingi, na kwamba ile yake haiwezi kujulikana tena. Mtu aliyetudai ushahidi hata wa mvua kunyesha hakudai ushahidi hapo. Alijihukumu mwenyewe, akamaliza. Nilipoisikia hadithi hiyo nilikuwa mtu mzima, mwenye kazi, na nililia kwa aibu ya zile chembe za chumvi bwaloni.

Baadaye nikapata kazi katika huu mradi wa Rongo. Tunatengeneza roboti zisizoonekana kwa macho, nyembamba kuliko unywele. Usiwazie mtu wa chuma mwenye taa kichwani. Ni chembe za chuma zilizopindwa kama parafujo na kupakwa dawa fulani. Ukizungusha sumaku nje ya chombo, nazo zinazunguka na kuogelea. Zikikutana na zebaki majini, zinainasa. Ukimaliza unazivuta kwa sumaku kubwa, na maji yanabaki safi. Siku niliyoziona zikifanya kazi kwa mara ya kwanza nilimkumbuka Mwalimu, nami nikacheka kama mtoto. Jumapili iliyofuata nilimpelekea karatasi zote nilizoweza kuchapa.

Wakati huo alikuwa amestaafu na kurudi kwao Ndhiwa. Alizisoma karatasi mbele yangu, kalamu mkononi, tangu chai mpaka chakula cha mchana. Aliposimama alikuwa mtu mwingine. Alisema madimbwi yote ya machimboni yangesafishwa, na visima, na mito. Alisema kwingine wanajaribu kuzipeleka ndani ya mwili wa mnyama, zibebe dawa mpaka kwenye uvimbe bila kuunguza sehemu nyingine, zizibue mishipa ya kichwa. Aliwaambia wenzake wa kwaya. Alimwambia hata mwendesha boda aliyekuja kunichukua, akashika usukani wa pikipiki ya watu asiondoke kabla hajaelewa. Lakini kabla sijapanda alinivuta pembeni.

"Nyathina," akaniita, mwanangu. "Hizi vitu, sumaku ikizimwa, zinafanya nini?"

"Zinazama, Mwalimu."

"Zinazama wapi?"

"Chini. Kwa tope."

"Zikiwa zimeshika zebaki?"

Nikasema ndiyo.

"Sasa hapo mmeitoa kwa maji mkaificha kwa tope. Kambare akikula hiyo tope?"

"Tunazivuta zote kabla ya kuzima."

"Zote," akasema. Akaniachilia mkono. Niliondoka nikiwa nimekasirika, kama mtu aliyepeleka zawadi ikarudishwa kufuliwa.

Mradi ulitaka kuzijaribu kwenye dimbwi la kweli, lile la tope la mawe yaliyosagwa, ambapo ng'ombe wanakunywa maji na kina mama wanafulia. Ukaitishwa mkutano kwa chifu. Mimi ndiye niliyependekeza Mwalimu aalikwe, kwa sababu kina mama wangemsikiliza yeye kuliko sisi wenye kompyuta. Mkuu wa mradi alieleza vizuri sana, akaonyesha na picha. Mama mmoja akasema, kumbe ni vidudu vya chuma, na jina likashika. Watu wakapiga makofi. Mwalimu akasimama, akaegemea kiti cha mbele yake kutuliza mikono.

"Mkishaweka kwa dimbwi, mtatoa ngapi?"

"Karibu zote," mkuu wa mradi akajibu.

"Zenye zitabaki ni ngapi?"

"Ni kidogo sana, mzee wangu."

Nilitazama viatu vyangu. Wanafunzi wake wa zamani tulikuwa wanne mle ndani, na sote tulifanya hivyo. Mwalimu aliachilia kiti alichoegemea. Kisha akawageukia kina mama. "Kik uyie," akasema kwa Kijaluo, msikubali. Akaendelea kwa Kiswahili ili wageni wa mradi wasikie: "Ile ya kwanza, zebaki, ni mimi niliwaonyesha. Niliwaambia ni kidogo. Mnajua kwangu kuliendaje. Hii ya pili siwezi kuwaambia hivyo." Akaketi. Dimbwi halikujaribiwa.

Tulirudi kufanya kazi kwenye matangi ya plastiki nyuma ya maabara. Sikumsalimia kwa miezi. Nilisema moyoni kwamba mtu aliyeungua mara moja anataka wote tule chakula baridi. Na sikuwa peke yangu. Yule mama jirani, ambaye ndiye alinipa kisa chote, nilikutana naye sokoni Sori akaniambia, "Japuonj alitukataza, tukaskia. Na ng'ombe bado inakunywa hiyo maji. Mjukuu wangu pia." Hakuwa na hasira. Alikuwa akinipa habari tu. Mwalimu alikuwa na haki ya kukataa, na zebaki iliendelea kukaa dimbwini kwa sababu alikataa.

Kisha akanipigia simu. Alisema anataka kuziona kwa macho yake kabla hajafa, amesoma vya kutosha. Sheria ya maabara hairuhusu chupa ya roboti kutoka. Nilitoa moja, yenye roboti zilizowahi kufanya kazi tangini na kusafishwa, nikaifunga kwenye soksi, nikaenda nayo Ndhiwa.

Tuliketi sebuleni, binti yake mkekani. Niliizungusha sumaku ubavuni mwa chupa, na wingu jeusi likainuka ndani ya maji, likageuka kulia, likageuka kushoto. Binti alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, akanyoosha mkono. Mwalimu aliitazama chupa, akamtazama binti. Akaniuliza kama zinaweza kufika kwenye kichwa cha mtu.

"Hizi zetu ni za maji, Mwalimu. Za mwili ni zingine, na wenye kuzitengeneza bado wanajaribu kwa panya."

"Najua ni za maji. Nauliza kama zinaweza."

"Hakuna mtu anajua. Na hata zikitoa zebaki, hiyo yenye iliharibika haiwezi rudi."

Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba nilikuwa nimejibu swali la mtihani. Akaniomba nimwachie chupa wiki chache, aizungushe zungushe, maana msichana ameipenda. Niliiacha. Ningependa kusema kwamba sikuwaza lolote. Niliwaza, nikajiambia kwamba huyu ndiye mtu mwangalifu kuliko wote ninaowajua.

Nilirudi baada ya mwezi. Nilimkuta kitini, miguu imevimba mpaka viatu vimekatwa nyuma, macho yana rangi ya chai ya maziwa. Mezani palikuwa na chupa, imebaki robo, na daftari la shule. Sikuhitaji kulifungua kujua kwamba amekuwa akihesabu vijiko. Alinieleza mwenyewe, taratibu, akipumzika kati ya maneno.

"Nilishika kijiko cha hii maji kumpa msichana. Siku hiyo yenye uliondoka. Alifungua mdomo, unajua huwa anafungua tu, hajui kukataa." Akaisukuma chupa kando. "Nikashindwa. Nikaanza na mimi. Nilisema ikinisaidia mikono, nitampa."

"Na mikono?"

Akainyoosha nione. Ilikuwa ile ile.

Nilikasirika kuliko nilivyowahi kukasirika na mtu yeyote, na hasira yenyewe haikuwa na pa kwenda. Nilimwuliza kwa nini. Akasema miaka thelathini amemlisha mtoto huyu, na kila kijiko anamwomba radhi, na mtoto hawezi hata kusema amekataa. Akasema alitaka kabla hajafa amsikie akisema kitu, hata kama ni kumtukana. Aliyasema hayo bila machozi. Mimi ndiye niliyelia.

Nilimpigia simu mwenye teksi. Mwalimu hakutaka kwenda. Alisema hospitalini watauliza amekunywa nini, na nikitaja nitapoteza kazi, na nikipoteza kazi nani atawafundisha wale watu wa mradi kuhesabu. Alitaka tuseme ni uzee. Nilimwinua kwa nguvu. Binti hatukuwa na wa kumwachia, tukamweka kiti cha nyuma kati yetu, na njia nzima mpaka Homa Bay alishika mkono wa shati la baba yake.

Hapo hospitalini foleni ilikuwa ndefu. Tulipofika mezani muuguzi alikuwa amechoka, kalamu iko tayari juu ya fomu.

"Mzee amekunywa nini?"

Mwalimu alinitazama, akatikisa kichwa: usiseme.

"Roboti," nikasema. "Ndogo, hazionekani. Ni za maabara. Mimi mwanafunzi wake ndiye nilimpa."

Muuguzi aliweka kalamu chini. "Madam, usinichezee. Watu wako kwa laini mpaka kwa geti."

"Sikuchezei. Ni chuma, imepakwa dawa. Zilikuwa kwa zebaki mbeleni. Tulizisafisha."

"Sasa hiyo naandika wapi?" Aliigeuza fomu nione. Palikuwa na visanduku vya kutia alama: dawa ya kuua wadudu, mafuta ya taa, pombe, kuumwa na nyoka. Nilisoma vyote na sikuona chetu. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Binti alikuwa akilivuta lile shati, akilivuta, kwa sababu muda wake wa kula ulikuwa umepita.

Muuguzi akanisubiri kwa muda, kwa wema, nadhani. Kisha akachukua kalamu, akafuta visanduku vyote kwa mstari mmoja, na chini yake akaandika: alipewa sumu na mwanafunzi wake. Akaniuliza kama ni sawa hivyo. Nikasema ni sawa, nikaweka sahihi.